Lama, katani na gunia la korosho

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2024 kuwa mwaka wa kimataifa wa ngamia na jamaa zake wote. Mmoja wa jamaa hao ni lama, mnyama wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, asiye na nundu, mwenye shingo ndefu na manyoya mazito. Anasifiwa kwamba nyuzi zake hazidhuru mazingira kama poliesta na nailoni zinazotokana na petroli, na swali linalofuata huwa ni hili: kama ana faida zote hizo, kwa nini tusimfuge huku kusini mwa Tanzania? Nalichukua swali hilo kwa uzito. Mtwara na Lindi zimeegemea korosho kupita kiasi, na mwaka bei ikianguka mnadani, hata ada za watoto hukwama. Anayetafuta njia nyingine ya kipato asikatishwe tamaa kabla hajasikilizwa.

Tuanze na sifa, maana ni za kweli. Lama hana kwato ngumu kama za ng'ombe au mbuzi. Ana vidole viwili vyenye unyayo mnene na laini, kwa hiyo akipita kwenye udongo mwembamba wa mlimani hauchimbui kama mnyama wa kwato. Malisho anayakata juu juu, mzizi unabaki. Anashiba nyasi kavu ambazo ng'ombe angekondea. Kundi hunya mahali pamoja, na wafugaji wa Bolivia na Peru huizoa samadi hiyo kwa ajili ya mashamba ya viazi, au huikausha wapate moto, kwa kuwa kwenye mwinuko wa mita 4,000 kuni ni za kutafuta. Manyoya yake hayana mafuta mengi kama sufu ya kondoo, hivyo hayali sabuni na maji ya moto kwa wingi kabla ya kusokotwa. Tena yana rangi za kuzaliwa nazo: nyeupe, kahawia, kijivu, nyeusi. Mfumaji akizitumia kama zilivyo, anaepuka kazi ya kutia rangi, ambayo ni miongoni mwa kazi zinazochafua sana mito katika biashara ya nguo duniani.

Yupo pia jamaa yake wa porini, vikunya, ambaye habari yake inanivutia kuliko zote. Aliwindwa kwa ajili ya manyoya mpaka kufikia miaka ya 1960 wakabaki elfu chache tu. Bolivia na Peru zikatia saini mkataba wa kumlinda mwaka 1969, na baadaye jamii za vijijini zikaruhusiwa kuwaswaga, kuwakata manyoya wakiwa hai na kuwaachia warudi porini, desturi iliyokuwapo tangu enzi za Wainka. Leo wapo laki kadhaa. Kijiji kinapata zaidi mnyama akiwa hai kuliko akiwa mzoga, basi kinamlinda chenyewe. Watu wa Liwale, wanaopakana na Selous na kuhangaika na tembo mashambani kila msimu, wangekuwa na mengi ya kuwauliza wanavijiji hao.

Lakini lama naye anacheua, na anapocheua anatoa methani, gesi inayochangia joto la dunia. Uzi anaoutoa ni kidogo kwa ukubwa wa mwili wake: mnyama wa kilo mia na zaidi hukatwa manyoya mara moja kwa mwaka au miwili, na mavuno ni kilo chache tu, ambamo singa ngumu za juu lazima zitenganishwe na manyoya laini ya ndani. Ndiyo sababu kipimo cha Higg, kinachotumiwa na kampuni nyingi za mavazi, kiliiweka sufu ya alpaka, ndugu yake lama, miongoni mwa malighafi zenye madhara makubwa, ikaonekana mbaya kuliko poliesta. Wazalishaji wa Peru walipinga vikali, na naona walikuwa na haki. Kipimo hicho kiliishia kwenye mlango wa kiwanda. Hakikuhesabu vipande vidogo vya plastiki vinavyotoka kwenye nguo ya poliesta kila inapofuliwa, wala miaka ambayo nguo hiyo itakaa jalalani bila kuoza. Mwaka 2022 mamlaka ya kulinda walaji ya Norway ilizionya kampuni zisikitumie kipimo hicho kujinadi kwa wateja. Hata hivyo methani ipo, na anayesema ufugaji hauna gharama kwa mazingira hasemi kweli.

Sasa tumlete huku. Sehemu zetu za juu, nyanda za Makonde na Rondo, hazifiki hata mita 1,000. Mnyama aliyeumbiwa baridi ya mita 4,000, umwachie kwenye joto na unyevu wa Lindi mwezi wa Februari, atahema mpaka augue. Newala na Tandahimba watu wenyewe wamehangaikia maji miaka na miaka, wakiyanunua kwa ndoo. Mapori ya Nachingwea na Liwale yana mbung'o, na ngamia, jamaa yake wa karibu, hauwezi kabisa ugonjwa unaoletwa na mdudu huyo. Halafu kuna ardhi. Wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi walielekezwa Lindi, na mivutano kati yao na wakulima haijaisha. Kuongeza mnyama mwingine wa malisho katika hali hiyo ni kuongeza ugomvi.

Eneo hili limekwisha kulipia mpango wa namna hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake vitatu. Msitu ulifyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa, na bandari ya kina pia, Mtwara. Udongo na mvua havikuwa vimepimwa ipasavyo. Mwaka 1951 hasara ya takriban pauni milioni 36 ilifutwa vitabuni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Bandari tunayo mpaka leo, na ndiyo inayobeba korosho zetu. Karanga zile hazikuonekana.

Kwa lama, basi, jibu langu ni hapana, wala sioni haja ya majaribio. Ila kuna jambo la wafugaji wa Andes ambalo halina budi kuvuka bahari. Manyoya laini huyauza au huyafuma mavazi. Singa ngumu hawazitupi: husokota kamba za kufungia mizigo na kufuma magunia ya kubebea viazi. Gunia la pale linatokana na kilichopo pale. La kwetu linatoka wapi?

Ingia kwenye ghala la chama cha msingi Tandahimba au Ruangwa msimu ukianza, kuanzia Oktoba. Korosho inapimwa, inajazwa gunia la karibu kilo 80, mdomo unashonwa kwa shazia na uzi, linabebwa kwenda ghala kuu kusubiri mnada. Gunia hilo lazima lipitishe hewa. Ukiweka korosho ghafi kwenye gunia la plastiki, sandarusi, ikakaa, unyevunyevu unabaki ndani, ukungu unaanza na daraja linashuka. Kwa hiyo yanatumika magunia ya juti, mengi yakitoka Bangladesh na India. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Gawa kwa kilo 80, unapata zaidi ya magunia milioni 3.7, sehemu kubwa yakiwa ya mikoa hii. Meli ya magunia ikichelewa, mkulima analala na mzigo wake sakafuni akisubiri nyuzi zilizolimwa kwenye mabonde ya Bengal.

Na mkonge, mmea unaotoa nyuzi za katani, tunao. Uliingia Tanganyika mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alipofikisha miche 62 iliyonusurika safarini, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ya kwanza duniani. Lindi ilikuwa na mashamba yake. Kikwetu, ulipo uwanja wa ndege, ni moja. Miongoni mwa vilivyoiangusha katani ni kamba za plastiki. Mkonge unastahimili ukame na hauhitaji dawa nyingi, na gunia lake ni imara.

Hapa nawaomba watetezi wa katani, nami nikiwamo, tuwe wakweli. Juti nayo ni nyuzi asilia na inaoza. Tukiibadilisha kwa katani hatutakuwa tumepunguza plastiki hata kilo moja. Tutakuwa tumepunguza safari ya meli na kubakiza fedha nyumbani, jambo zuri lakini tofauti. Singa ya katani ni nene, gunia lake ni zito na huwa ghali. Jani la mkonge linatoa uzi kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na makapi, ambayo yakimwagwa mtoni yanaua samaki. Hale mkoani Tanga walijenga mtambo wa kuyageuza gesi ya kuzalisha umeme, kwa hiyo njia ipo, lakini inadai mtaji. Na shamba jipya likianzishwa kwa kufyeka msitu, faida yote ya mazingira imeliwa siku ya kwanza. Mimi ningeunga mkono katani kwenye mashamba ya zamani yaliyolala, na si nje ya hapo.

Plastiki yenyewe iko baharini. Wavuvi wa Msimbati na wakulima wa mwani wa Kilwa wanatumia nyavu za nailoni, kamba za plastiki ziitwazo manila, na vile vikamba vyembamba vya kufungia mwani, taitai, ambavyo hukatika na kubaki majini. Wavu uliopotea unaendelea kunasa kasa bila mwenyewe kujua. Na uzi unaovumilia maji ya chumvi kuliko nyuzi nyingine za mimea tunao: usumba wa makumbi ya nazi, ule ule ulioshonea mitepe, vyombo vya baharini vya mababu. Makumbi hufukiwa kwenye tope la pwani miezi kadhaa, kisha kina mama huyafukua, huyaponda kwa magongo mpaka nyama iachane na uzi, wakasokota kamba kwa viganja. Ni kazi ngumu na malipo yake ni duni. Kamba ya usumba pia inawahi kuchakaa kuliko manila, na mvuvi anayehesabu shilingi ataipa manila mgongo siku tu akipata ya usumba bure. Mashimo ya kufukia yakiwa mengi kwenye mikoko, maji yanakosa hewa na samaki wadogo hufa, ingawa mashine ya kuchambua makumbi bila kuyafukia ingeliondoa tatizo hilo.

Kizito zaidi nakiona jikoni. Nyumba nyingi za pwani hupikia makumbi. Mnunuzi wa usumba akija na bei nzuri, makumbi yatauzwa, na chungu kitahitaji kuni nyingine. Zilizo karibu ni mikoko. Uzi wenyewe ni kama theluthi moja tu ya kumbi, iliyobaki ni vumbi. Mradi wa usumba ukipangwa vizuri, vumbi hilo lingeshindiliwa likawa mkaa, likauzwa kwa bei nafuu katika vijiji vile vile vilivyotoa makumbi. Bila mpango huo tangu mwanzo, nisingeuunga mkono, hata kama kamba zake zingefika sokoni Mtwara kesho.