Mifi tunazopeleka nyumbani: kinachofaa Leipzig hakitoshi Tukuyu

Sisi Watanzania tunaoishi Ujerumani tumezoea kupeleka nyumbani vifaa vya umeme kama zawadi, na siku hizi mifi, kile kifaa kidogo cha betri kinachowekwa laini na kugawa intaneti kwa simu na kompyuta kadhaa, kimeingia kwenye orodha. Zawadi yenyewe naiunga mkono kabisa. Ninachopinga ni namna tunavyoichagua: tunatazama kasi iliyoandikwa kwenye boksi, tunalipia 5G, kisha kifaa kinafika Tukuyu au Makete na kuishia kabatini, kwa sababu kilikusudiwa safari za aina nyingine kabisa.

Huku Ulaya mifi ni nyongeza tu. Treni za ICE, zile za mwendokasi za Ujerumani, zina Wi-Fi ya bure hata daraja la pili tangu mwaka 2017, na tangu tarehe 15 Juni ya mwaka huohuo mwenye laini ya Kijerumani huvuka na bando lake hadi Ufaransa, Italia au Poland bila kulipa zaidi, ilimradi matumizi yake yabaki ya msafiri wa kawaida. Umeme ni wa uhakika na mahali pa kuchajia hapakosekani, kwa hiyo betri iliyozibwa ndani ya kifaa haimsumbui mtu.

Safari ya kwetu ni nyingine. Katikati ya Mbeya sina sababu ya kuulalamikia mtandao. Nimefanya mikutano ya video na wenzangu wa Leipzig nikiwa Mwanjelwa na hakuna aliyejua kwamba nimesafiri. Shida huanza barabara inapoingia milimani. Ukiiacha barabara kuu pale Uyole kuelekea Tukuyu, ukapanda Isyonje na kuanza kuteremka kwenda Kiwira, kioo cha simu kinakuonyesha 4G, baadaye H+, yaani 3G, kisha ile herufi E ya 2G ambayo hata ujumbe wa picha haupiti. Abiria wa kiti cha pili mwenye laini ya kampuni nyingine anaendelea kutazama video yake bila wasiwasi, na baada ya kona chache mambo yanageuka, yeye anakosa na wewe unapata. Mawimbi ya simu hayapenyi mlima, na minara ya kampuni zote haikusimamishwa kwenye vilima vilevile. Hali ni hiyohiyo kwenye mteremko wa Kitonga upande wa Iringa, na ukipanda kuelekea Kitulo ni zaidi.

Kwa sababu hiyo nasema kwamba kwa msafiri wa Nyanda za Juu Kusini, kasi ya kifaa ni jambo la tatu au la nne. La kwanza ni uhuru wa kubadili laini. Baadhi ya mifi zinazouzwa huku kwa bei ya chini huja pamoja na mkataba na zimefungwa kwenye kampuni moja. Ukiweka laini ya Tanzania hazisomi mpaka zifunguliwe. Mwenye kifaa cha kawaida kisichofungwa, pamoja na laini mbili za kampuni tofauti zilizosajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, atampita kwa mbali mwenye kifaa cha 5G chenye laini moja. Jambo lingine ambalo wengi hatulikumbuki ni kwamba kampuni za simu za Ujerumani zilizima 3G mwaka 2021, kwa hiyo muuzaji wa huku hana sababu ya kukueleza kama kifaa chake bado kinaisoma, ilhali viko vijiji vya kwetu ambako 3G ndiyo inayotegemewa.

Halafu kuna suala la kununua bando, ambalo mtengenezaji wa kifaa hakulifikiria hata kidogo. Mifi haina vitufe vya kupigia menyu. Nimemtazama mpwa wangu pale Tukuyu akiifungua mifi, akiitoa laini kwa ukucha, akiiweka kwenye kitochi cha bibi yake, akipiga menyu na kuchagua bando la siku, kisha akiirudisha laini na kusubiri taa igeuke kijani, huku bibi akiuliza kama simu yake itarudi salama. Alifanya yote hayo haraka kuliko mimi ninavyoandika sentensi hii. Hata hivyo, kifaa ambacho laini yake imejificha chini ya betri au inahitaji pini maalumu kitamchosha kila siku, na hilo huwezi kuliona kwenye boksi.

Bando hilo nalo huliwa kwa njia ambayo inaniuma, kwa sababu anayeumia ni yule mwenye kidogo. Simu ikiunganishwa na mifi huamini kwamba imepata Wi-Fi ya nyumbani isiyo na mwisho, hivyo huanza kuhifadhi picha zote mtandaoni na kusasisha programu, na kompyuta ya Windows hufanya vivyo hivyo. Ujerumani, kwenye intaneti ya nyumbani isiyopimwa, hakuna anayeliona hilo. Kwetu bando la siku linaweza kwisha kabla mwanafunzi hajafungua hata ukurasa mmoja wa somo lake. Anayetoa mifi kama zawadi akae na ndugu zake, aingie kwenye mpangilio wa kila simu na kila kompyuta, na aviambie vifaa hivyo kwamba intaneti hii ina kikomo. Pia aibadilishe nywila ya kiwandani papo hapo.

Sisemi kwamba Ulaya wana kila kitu bora. Huku nimefungwa na mkataba wa miezi 24, nitumie nisitumie, wakati mama ntilie wa Makambako ananunua intaneti ya leo kwa pesa ya leo na kesho akikosa hadaiwi. Mimi naona mpango wake ni wa busara zaidi. Kinachokera ni bando kumfia mtu kwa sababu saa zimekwisha na si kwa sababu amelitumia, na hapo kampuni za nyumbani zingeweza kufanya vizuri zaidi.

Kwa wanaoelekea Tunduma au Kasumulu, zimeni kabisa matumizi ya mtandao wa nje (roaming) kwenye mifi kabla ya kufika. Karibu na mpaka kifaa kinaweza kunasa mnara wa Zambia au Malawi, na makubaliano ya aina ya yale ya Ulaya hayapo kukukinga. Na kama bado hamjanunua chochote, tafuteni mifi ya 4G inayosoma pia 3G, isiyofungwa, yenye betri ya kuchomoa, mchukue betri ya pili na kuzipakia zote kwenye begi la mkononi, kwa kuwa betri za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Pesa itakayobaki kwa kuacha ile ya 5G wanunulieni bando.