Mtoto Akibeba Mchanga, Mlipe Kama Baba Yake

Barazani hapa Lamu, ukizuka mjadala wa watoto kufanya kazi za pesa, watu hugawanyika papo hapo. Kuna wasemao kazi ya mtoto ni skuli na chuo cha Kurani, basi. Kuna wa "samaki mkunje angali mbichi", na hao aghalabu ni wazee waliokwenda baharini na baba zao tangu hawajajua kufunga kikoi. Mimi huwasikiliza wote nikinywa kahawa yangu. Ugomvi wangu ni wa bei. Mtoto akifanya kazi ya mtu mzima, apewe pesa za mtu mzima, zote, mkononi mwake. Hapo ndipo tutakapoona ni nani bado anamtaka.

Shuka gatini Jumamosi asubuhi, mashua za mchanga na mawe ya Manda zinapopakua. Vichochoro vya mji wa kale havipitiki na lori, kwa hiyo mawe, mchanga na mifuko ya saruji ya kilo 50 hupanda mgongoni kwa punda, na nyuma ya punda mara nyingi utamkuta mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili, pekupeku, fimbo mkononi. Kuswaga punda si kazi ngumu, mtu atasema. Kweli, hata raha ina. Ngumu ni kupakia, maana punda hajipakii. Wavulana wawili hushika gunia huku na huku, hulisukuma kwa magoti, hulitupa juu, na likilalia upande mmoja huanza upya. Mwenye punda amekaa kivulini akipiga mistari ukutani kwa mkaa, mstari mmoja kwa kila safari.

"Ami, zimekuwa kumi na mbili."

"Kumi na moja. Moja mliimwaga njiani."

Kisha yanakuja malipo: nusu ya anachopewa mtu mzima, au pungufu ya hapo, na atakayelalamika huambiwa Jumamosi ijayo wako wengine. Anayejenga nyumba amelipa bei kamili. Hiyo nusu nyingine haikumwagika njiani.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikukataza kila kitu kama wengi wanavyodhani. Aliye chini ya miaka 13 haajiriwi kabisa, alipwe asilipwe. Wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha skuli. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri atoe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tukizungumza habari za watoto kifungu hicho hatukitaji, na mimi naona ndicho chenye meno. Kumwandama kila mtoto ukimuuliza umri, hali vyeti vingine vya kuzaliwa vimefungiwa sandukuni kwa bibi, ni kazi ya kuchosha. Bei ya safari ya mchanga inajulikana na kila mtu.

Hebu piga hesabu. Bei ikiwa moja, nani atamchukua mtoto wa miaka 11, amwache kijana wa miaka 25 aliyekaa uwanjani Mkunguni tangu asubuhi hana shughuli? Mtoto huitwa kwa sababu ni rahisi na habishi. Ukimwondolea huo urahisi, hataitwa tena, bila askari wala warsha ya hotelini.

Mwaka 1987 mji huu ulifunguliwa zahanati ya punda, na wenye punda wakahimizwa wasiwazidishie mizigo wala wasimpakie mwenye kidonda. Jambo jema, nami nalisifu kila ninapopita pale. Ila anayempakia huyo punda, mgongo wake hakuna anayeukagua.

Kazi zitakazobaki baada ya bei kuchuja hazinitii hofu. Mtoto apitishe sinia ya achari ya embe vichochoroni akishatoka chuoni. Siku za Maulidi, mji unapofurika wageni, auze maji. Atajua kurudisha chenji na kumvumilia mteja mjeuri. Sina neno pia kwa kijana anayekwenda kwa fundi wa kuchonga, au kwa waunda majahazi Matondoni. Huyo mwanzoni hana madai, kwa kuwa anaharibu mbao za fundi kuliko anavyozichonga. Lakini siku ua alilolichonga yeye litakapokuwa kwenye mlango uliouzwa, ana fungu lake, na mafundi wetu wana mazoea ya kutoiona siku hiyo ilipofika.

Wanaonisumbua hasa ni wasichana, maana bei yangu haiwafikii. Binti wa miaka 13 analetwa kutoka kijijini kwa ahadi kuwa atasomeshwa. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri kukanda unga wa mahamri, na anamaliza vyombo watu wameshalala. Mshahara, kama upo, hutumwa kwa M-Pesa kwa mjomba aliyemleta, kwa sababu mwenyewe hana kitambulisho wala laini. Mbele ya wageni mwenye nyumba humwita "mwanangu". Kama ni mwanao, mama, mbona sare ya skuli hujamshonea? Huyu hata ukimlipa maradufu bado atakuwa amefungiwa. Apelekwe skuli au arudishwe kwao, na sisi majirani tuache kujifanya hatusikii akiitwa usiku wa manane.

Wapo watakaoniambia kuwa mtoto akilipwa vizuri ataikimbia skuli. Tulishaona, husema: skuli zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2021, na vijana waliokwishaonja pesa za samaki na za punda hawakurudi. Kweli, wapo wasiorudi. Lakini ninaowajua mimi hawakuwa wakilipwa vizuri. Walikuwa wakilipwa nusu ile ile, na walikwama kwa sababu nyumbani nusu hiyo ilikuwa imeshahesabiwa kuwa pesa ya unga.

Na hapa ndipo bei yangu inapogonga mwamba. Mama mjane anayengoja Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo aghalabu huchelewa, hawezi kumwambia mwanawe alikatae gunia. Mimi nikishinda, mtoto wake atakosa hata hiyo nusu. Ninachotaka ni safari zile zimwendee kaka mtu au mjomba mtu kwa bei kamili, nyumba ipate zaidi ya inavyopata sasa. Asiye na kaka wala mjomba, tuna zaka. Tunaigawa kila mwaka kwa shilingi mia mia mlangoni, foleni hadi barabarani, wakati fungu moja la kutosha lingeweza kumshika mama mmoja muhula mzima.

Nao wanaojenga nyumba za wageni kule Shela, wakiuliza mchanga ni bei gani, waulize pia anayeupakia ana miaka mingapi na amepewa ngapi. Mimi nimeuliza nikaambiwa nishughulike na yangu. Mwenye kulipa akiuliza, mwenye punda atainuka kivulini amjibu.