Maiki freti ya 12, mjumbe mlangoni

Jamani kurekodi gitaa kavu si mchezo asikudanganye mtu. Kinanda unachomeka waya yameisha, gitaa kavu halina pa kuchomeka, inabidi utege maiki, na maiki haichagui, inachukua nyuzi, inachukua pumzi, inachukua na kifungo cha shati kinachogonga mgongo wa gitaa.

Sasa kuna mzee mmoja huku Tandika, zamani alikuwa anapiga solo bendi za dansi, akaja kwenye chumba changu ambacho mi nakiita studio. Ile kukaa tu akaivuta maiki mwenyewe akaiweka puani kwa tundu. "Kijana, sauti inatokea hapa." Mtu mzima utambishia nini, nikarekodi. Kusikiliza, mvumo mtupu! Maana lile tundu na hewa ya ndani vina mvumo wao, hezi 100 hivi, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, kila akigusa nyuzi nene unasikia mtu anapiga pipa la maji. Nikamwambia mzee wangu tuhamie freti ya 12, freti si vile vyuma vya shingoni, sentimita 25 hivi kutoka kwenye nyuzi, maiki iangalie pale shingo inapoungana na bodi, hapo unapata unene na mlio wa nyuzi vyote kwa pamoja. Akakubali, ila akauliza hiki kijitaa cha 48 kwenye boksi la kurekodia ni cha nini. Nikamwambia ni volti 48, zinapita kwenye waya kuiwasha maiki. Mzee akasimama wima. "Unataka nife kwa shoti?!" Mpaka alipoletewa kandambili za mpira ndo akakaa.

Tukaanza, mzee hatulii sasa. Akinogewa anayumba, akiinamia maiki besi inajaa chumba kizima, coz maiki za vile ukizisogelea zinanenepesha sauti zenyewe, akiegemea nyuma gitaa linakonda. Nikimwambia tulia ananijibu Jean-Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa wa Kongo, alirekodiwa na Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika kurekodi muziki, kule Jadotville, siku hizi Likasi, mwaka 1952, kompyuta hakuna, na mpaka leo anasikilizwa. Sawa mzee, lakini Hugh Tracey alikuwa na kawaida ya kushika maiki mkononi, ukiyumba anakufuata, mi nina stendi tu na stendi haina miguu ya kutembea. Akafikiri weee, akasema, "Basi nifunge."

Wazo lake hilo, naomba lieleweke. Nikachukua kanga ya mke wangu nikampitisha kifuani nikafunga nyuma ya kiti, mikono nikaiacha huru. Feni nilishazima sababu inaunguruma, dirishani nimeegesha godoro kuzuia yule muuza dawa ya panya na spika lake, joto la Februari mnalijua, mzee jasho linatiririka, hedfoni masikioni, macho kafumba, na anapiga gitaa tamu ambalo sijawahi kulisikia mtaa huu.

Si ndo bibi akaja kumletea vidonge vyake vya presha. Kufungua mlango anamkuta mumewe kafungwa kitini, katota jasho, dirisha limezibwa godoro, mi nimeinama pembeni nanyanyua kidole kumwambia shhh.

"UWIIII WAMEMTEKA MUME WANGU!"

Dakika hazikupita mjumbe wa nyumba kumi kaingia na rungu, nyuma yake mtaa mzima mpaka muuza dawa ya panya na spika lake bado linaimba mende kunguni viroboto. Na mzee anapiga tu! Hasikii, haoni. Mjumbe akamtingisha bega, mzee unadhurika? Akainua hedfoni upande mmoja, kakunja uso, "Tokeni nje, tunarekodi!"

Ikabidi nieleze pale mbele ya kadamnasi habari za freti ya 12 na sentimita 25, mjumbe anaitikia kwa kichwa ila rungu hajashusha. Bibi ndo alielewa wa kwanza. Akamzunguka mumewe, akalivuta lile fundo kuona limekaza vipi, akanigeukia kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo kanga naomba niondoke nayo, huyu hata nyumbani hatulii."

Kaondoka nayo kweli, na mke wangu mpaka leo ananidai pea kamili.