Mwendelezo wa katuni unabebeshwa lawama isiyo yake

Vijana wanaochora katuni Arusha na Moshi wana ubishi mmoja usioisha. Je, hadithi zao ziunganishwe ziwe dunia moja, shujaa wa huyu aweze kupita kwenye kurasa za yule, au kila mchoraji abaki na hadithi yake inayoanza na kuisha yenyewe? Wanaokataa kuunganisha huwatolea wenzao mfano wa Marvel na DC, kampuni mbili kubwa za katuni za Marekani. Wale, wanasema, wameunganisha mpaka wamejifunga kamba, na leo msomaji mgeni akifungua toleo lolote anadaiwa historia ya miaka 80 ndipo ajue nani anampiga nani na kwa nini. Mwendelezo, yaani hadithi kushikana na kukumbukana, unafukuza watu, basi tusiuanze.

Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2006 Marvel walipotoa Civil War, hadithi yenyewe ilikuwa na matoleo 7, lakini matukio yake yalimwagika kwenye makumi ya matoleo ya mifululizo mingine, na aliyetaka kujua yote ilibidi afungue pochi kwa yote. Kwa sisi tunaosoma kwa kuokoteza, toleo la tatu ukalipata kwenye vitabu vya mitumba na la nne usilione maisha, utaratibu wa namna hiyo ni mateso.

Wana pia mfano mzuri wa Watchmen, matoleo 12 ya mwaka 1986 na 1987. Mwandishi wake, Alan Moore, alitaka kuwatumia mashujaa wa kampuni ya Charlton ambao DC walikuwa wamewanunua. Mhariri wa DC, Dick Giordano, akamwambia abuni wapya, kwa sababu hadithi ile ingewaacha wale wa zamani wamekufa au hawafai tena kwa kazi nyingine. Akabuni. Kwa kuwa hakuna aliyewahitaji wahusika wake mwezi unaofuata, Moore aliweza kuifikisha hadithi mwisho wake wa kweli. Dunia ya pamoja haimpi mwandishi uhuru huo kirahisi.

Lakini wanaonukuu mifano hii wanaangalia matawi yalivyotanda bila kuangalia mti ulipandwa vipi. Dunia ya Marvel tunayoijua ilianza na Fantastic Four, kikundi cha mashujaa wanne, mwaka 1961, wakati kampuni ikiwa na hali mbaya. Tangu 1957 msambazaji wao alikuwa kampuni ndugu ya DC, mshindani wao, naye aliwawekea kikomo cha matoleo kama 8 hivi kwa mwezi. Mengi yaliandikwa au kuhaririwa na mtu mmoja, Stan Lee, na kuchorwa na wachache, Jack Kirby na Steve Ditko wakiwa mbele. Kuunganisha hadithi nane kwa mwezi hakukumtesa mtu. Msomaji mwenye senti 12 za toleo moja na rafiki wawili wa kuazimana nao aliweza kufuata karibu kila kitu. Kikomo kile kililegea mwaka 1968, mashujaa waliokuwa wakigawana jarida moja wakapewa kila mmoja lake, na kuanzia hapo idadi ikapanda. Kwa hiyo lililomshinda msomaji ni wingi wa vitabu, na wingi ni uamuzi wa muuzaji. Mwendelezo wenyewe ulizaliwa kwa watu wachache wenye vitabu vichache, hali inayofanana na ya wachoraji wetu kuliko wanavyodhani.

Tazama ulivyofanya kazi siku hizo. Toleo la kwanza la The Amazing Spider-Man, Machi 1963, lina kijana asiye na hela ambaye shangazi yake anadaiwa kodi ya nyumba. Anaingia kwa nguvu kwenye makao ya Fantastic Four, anapigana nao kidogo kuwaonyesha uwezo wake, kisha anaomba kazi yenye mshahara mnono. Wanamwambia kikundi chao hakilipi mtu mshahara. Anaondoka kwa hasira. Hakuna mahali unapohitaji kuwa umesoma hadithi ya wale wanne; unachohitaji kukijua ni shida ya kijana anayetafuta kazi, na hiyo mtaani Ngarenaro, Arusha, hakuna asiyeijua. Ukishamaliza, unatamani kujua wale matajiri wa ghorofani ni akina nani. Muungano umekufungulia kitabu cha pili bila kukunyima utamu wa cha kwanza.

Na palipohitajika kumbukumbu, mhariri aliweka kisanduku kidogo chini ya picha: kinyota, sentensi moja, namba ya toleo. Umepotea? Tazama pale. Huna toleo hilo? Sentensi imeshakueleza, endelea.

Sasa twende DC, maana huko ndiko lawama inapogeuka kabisa. Mwaka 1985 DC waliona historia yao imekuwa nzito mno kwa wasomaji wapya, dunia nyingi sambamba na mashujaa wa majina yaleyale. Wakamwachia Marv Wolfman na George Pérez wazivunje zote zibaki moja, katika matoleo 12 ya Crisis on Infinite Earths. Kwenye toleo la 7 Supergirl anakufa akimwokoa binamu yake, Superman. Jalada lake ni la kukaa nalo: Superman amembeba mikononi, mdomo wazi kwa kilio, mashujaa wengine wamejaa nyuma yake. Alikuwepo kwenye katuni tangu 1959. Kuna watu waliokuwa wamekua naye.

Halafu mwaka 1986 historia ikaanza upya. Ikaamuliwa kwamba Superman ndiye pekee aliyenusurika sayari ya Krypton. Maana yake Kara, yaani Supergirl, hakuwahi kufika duniani. Yule aliyemlilia jaladani hana anayemlilia, kwa sababu hakumjua. Dunia aliyoifia haina habari naye. Msomaji aliyelia na toleo la 7 mkononi anaambiwa, kwa upole, kwamba alilia bure. Mimi hili siwezi kulipita haraka. Unaweza kumuua mhusika na bado ukamheshimu. Kumfuta ni kumnyang'anya hata kifo chake.

Linganisha na Barry Allen, yule Flash, shujaa wa mbio, aliyekufa toleo lililofuata. Yeye walimwacha akumbukwe. Msaidizi wake kijana, Wally West, akavaa vazi lake na kukimbia nalo zaidi ya miaka 20, kwanza akiogopa kwamba hatoshi, baadaye akitosha. Tukio moja la kifo, toleo la 8, likalisha hadithi za miongo miwili. Huo ndio mwendelezo ukifanya kazi yake.

Mwaka 2011 DC wakafuta tena, mifululizo mipya 52 yote ikianza na namba 1, tena kwa jina la msomaji mpya. Wally yule akatoweka. Alipotokea mwaka 2016 kwenye DC Universe: Rebirth, alikuwa amenasa nje ya wakati, anakwenda kwa mmoja mmoja aliyemjua, na hawamkumbuki. Linda, aliyekuwa mke wake, anamtazama kama mtu baki. Anamwendea Barry, ambaye DC walikuwa wameshamfufua, ili amuage tu, na Barry anamkumbuka. Wasomaji walilipokea toleo lile kwa machozi, nalo lilikuwa limejengwa lote juu ya kitu ambacho kampuni iliamini kinafukuza wasomaji.

Kati ya 1985 na 2011 walirekebisha historia hiyo pia mwaka 1994 na 2005. Kama kufuta kungekuwa dawa, dozi moja ingetosha. Kila wakifuta, wanaongeza swali jipya kwa mgeni: kitabu hiki nilichoshika kinahesabika bado, au kimeshafutwa? Kwa msomaji wa Moshi anayesoma alichokikuta, si kilichotoka jana, swali hilo ndilo linalomkatisha tamaa, kuliko hadithi kuwa ndefu.

Urefu hautuogopeshi. Jioni yoyote ingia sebule ya jirani, tamthilia ya Kituruki iko sehemu ya mia na kitu, na ndani ya robo saa umeshaambiwa nani mtoto wa nani, nani alimtilia nani sumu. Vijana wanajaza flashi sizoni nane kwa mkupuo. Watu wetu huingia katikati na kuuliza.

Kwa wachoraji wa hapa, basi, ningesema unganisheni, ila kwa udogo: mji mmoja, mvua ileile inyeshe Kaloleni kwenye vitabu viwili, shujaa apite mara moja kwa sababu ana shida ya kumpitisha. Kinachonipa wasiwasi ni umiliki. Marvel waliweza kuunganisha kwa sababu wahusika wote walikuwa mali ya kampuni. Kirby alipohamia DC mwaka 1970, Fantastic Four aliowachora tangu toleo la kwanza walibaki nyuma. Nyinyi kila mmoja ana wake, na ni vizuri abaki naye na amsajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kumkopesha. Siku mkigombana mtagawana. Andikianeni mapema, hata ukurasa mmoja: nani anaruhusiwa kumchora wa mwenzake, nani anaruhusiwa kumuua, na kwamba anayejitoa aondoke na shujaa wake, lakini yaliyokwisha kusimuliwa kwenye vitabu vya wenzake yahesabike kuwa yalitokea.