Sifuri ya Shemeji

Mie naomba niulize, anijibu mwenye kujua. Mtu ukiwa katibu wa kamati ya harusi, umekabidhiwa orodha na heshima zake zote, umemkosea nani hata kishale cha laptopu kikucheze shere mbele ya wakwe?

Maana jana usiku kimenimaliza. Nimekaa zangu, kikoi kiunoni, feni inazunguka kwa kunihurumia tu, naandika michango. Nikafika kwa shemeji, kaka wa mke wangu, katoa 30000 taslimu, mkononi kwangu, hakuahidi. Nikapiga tatu, sifuri, sifuri, sifuri, na kishale hicho kikaruka. Kiganja changu hata hakijaikurubia ile padi ya kupapasia chini ya vitufe, wallahi. Kimekwenda kutua mistari minne juu, kwa jirani wa mlango wa pili aliyeahidi 20000, na sifuri yangu ya mwisho ikaingia kwake. Macho yangu yako kwenye vitufe, sina habari. Nikairusha orodha kwenye grupu la WhatsApp, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi.

Asubuhi shemeji ana 3000 na jirani ana 200000.

Simu ya kwanza imeingia kabla ya chai. Ya pili, ya tatu, sikupokea. Mke wangu kaniwekea boflo mezani bila ya neno, na boflo lenyewe kalikata kwa kisu kile kikubwa.

Na hichi kishale si cha jana, ni wiki ya tatu sasa. Unakipeleka kulia kinakwenda kushoto. Unakiacha kipumzike, kinatetemeka kwenye kona kama mwenye homa, halafu ghafla kinaanza kufungua vitu ambavyo hata sikujua kama ninavyo. Ami yangu wa Wete nimemweleza kwa simu, kaniambia, "Izime, uiwashe." Ndiyo dawa yake ya kila kitu, hata ndoa. Mtoto wa jirani, anayesoma chuo, kaniambia, "Ami, ingia kwenye mipangilio uizime hiyo padi, utumie mausi." Maneno mazuri. Sasa kuingia kwenye mipangilio kunataka nini? Kunataka kishale! Si ndiyo kumtuma mwizi akakuitie askari? Akanionesha kitufe cha Tab na mishale ya kwenye kibodi, nikawa natambaa neno kwa neno mpaka nikafika kwenye swichi, nikaizima. Iliyozimika ni sauti. Padi iko hai, mie tangu siku ile sisikii kitu.

Basi nikaenda kwa fundi, Darajani, kwenye vile vibanda vya simu. Fundi mwenyewe kijana wa jana juzi, ndevu tatu, kiti chake kimejaa mizoga ya laptopu za watu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kishale kimeingia wazimu."

Akaiwasha. Akaweka kidole. Na kile kishale, Mungu nakuomba radhi, kikatembea kama bi harusi anayeingia ukumbini. Taratibu. Kulia kikaenda kulia, kushoto kikaenda kushoto, kikasimama pale pale alipokisimamisha, adabu tupu.

"Mbona zima, mzee?"

"Subiri," nikamwambia. "Kinakuona mgeni."

Tukasubiri. Dakika tano, dakika kumi. Nyuma yangu keshajipanga mama mwenye simu iliyopasuka kioo na vijana wawili. Fundi ananiangalia kwa ule upole wanaoangaliwa watu wazima waliopotea njia. Ikabidi nimuoneshe. Nikainua kidole hewani nikamwambia, huenda hivi, halafu hivi. Hakunielewa. Nikasimama. Nikasema, tuseme mie ndiye kishale, hapa nilipo ndipo penye barua yangu, sasa tazama. Nikaruka kushoto. Nikarudi. Nikatetemeka kidogo pale penye pembe ya meza yake, kwa sababu ndivyo kinavyofanya na mie si mtu wa kuficha, halafu nikatoka mbio mpaka mlangoni kwenda kufunga dirisha ambalo hakuna aliyelitaka lifungwe.

Nilipogeuka, watu walikuwa wanane. Yule mama akauliza kwa sauti ya chini, "Baba wa watu amekula lakini?"

Mie mtu wa baraza, nina miwani, nina watoto wanne.

Fundi akaomba vidole vyangu, akavikagua kama ana njaa navyo. "Mzee, unatokwa sana na jasho?" Zanzibar hii, yakhe, Machi hii, nani hatokwi na jasho? Akasema padi haikifuati kidole kwa nguvu ya kubonyeza, inachokihisi ni kile kiumeme kidogo cha kidoleni, na kidole kikirowa kinaichanganya. Halafu akanusa. "Na halua, mzee, usiile ukiwa kazini." Watu wakacheka. Akaifuta kwa kitambaa na spiriti, 5,000, asante, nikaondoka na kidole changu.

Nyumbani nikaichomeka, ngoma ikaanza upya.

Siku ya pili nikarudi na ushahidi. Nimekirekodi kwa simu, mkono mmoja nashika simu, mwengine padi. Fundi akatazama mpaka mwisho. "Mzee, hapa kinachotetemeka ni mkono wako." Akailaza laptopu juu ya kioo cha kabati lake, akaibonyeza pembe kwa pembe aone kama inayumba, maana betri ikivimba huisukuma padi kwa chini ikawa inajibonyeza yenyewe. Haikuyumba. Kishale kimetulia, kinamsikiliza. Nikaona aibu mpaka masikioni.

Siku ya tatu, sijui nini kilimpitia, akauliza, "Mzee, chaja yako iko wapi?"

Sikuwa nimeileta hata siku moja. Safari zote nilikwenda na betri tu, na betri yenyewe hufika nusu saa ikaaga. Nikapanda daladala kuifuata, nikarudi na fuko. Akaitoa, akaiangalia. Miguu miwili.

"Hii unaichomekaje ukutani?"

Mnajua naichomekaje, mnaichomeka hivyo hivyo. Natia mfuniko wa kalamu kwenye lile tundu la juu, matundu ya chini yanafunguka, unasukuma, basi. Ufundi wa kila nyumba.

"Na ukilipapasa hili bati lake polepole, huhisi kama linatambaa sisimizi?"

"Nahisi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoinunua. Mie nikidhani ndiyo nguvu zake."

Fundi alikaa kimya kidogo. Halafu akaichomeka. Na hapo, mbele ya macho ya watu wote, kishale kikaruka! Kikaenda kushoto, kikarudi, kikatetemeka pembeni, kikafunga dirisha! Nilipiga kelele, "Si ndivyo? Si ndivyo nilivyowaambia?" Nikamshika mkono kijana mmoja simjui. Nilifurahi kama niliyeshinda kesi ya shamba. Tangu lini mtu akafurahi kuwa kitu chake kibovu? Lakini mie nilitaka wote walioniona nikiruka siku ya kwanza waitwe warudi.

Akaichomoa, kishale kikatulia. Akaichomeka, kikaruka. Akaniambia chaja haina mguu wa ethi, ule wa kuupeleka umeme ardhini, umeme unaovuja unakosa pa kwenda, unajaa kwenye bati, padi inaona vidole kumi pale penye kimoja. Akaniambia niweke mkono wa kushoto kwenye chuma cha laptopu nitumie wa kulia, na kweli, kikatulia. Lakini nitaandika vipi orodha ya watu mia na ishirini kwa mkono mmoja, mwengine nimeubandika kwenye chuma kama nala kiapo? Nikanunua chaja ya miguu mitatu, 35,000.

Nimefika nyumbani, nimechomeka kwa heshima, bila ya kalamu. Kikaruka.

Nikamwita fundi umeme. Akafungua soketi, akachungulia, akacheka peke yake. Lile tundu la juu ni pambo. Nyuma yake hakuna waya, hauendi popote. Jamani! Umeme huu unatoka bara, unapita chini ya bahari, unatokea Fumba, unafika mpaka ukutani kwangu salama u salimini, halafu unakosa waya wa kuufikisha ardhini, na ardhi yenyewe naikanyaga! Sisi tuliokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme hautushangazi tena, lakini hapa niliishiwa na nguvu. 35,000 nimenunua mguu wa tatu wa kusimama hewani.

Mausi ninayo, nimeinunua Mlandege, inafanya kazi. Ila padi nayo bado iko hai, kwa hiyo sasa nina wake wenza kwenye meza moja, na mmoja wao ana hasira. Yule Mmarekani Douglas Engelbart, alipouonesha ulimwengu kipanya cha kompyuta mwaka 1968, miaka minne nyuma cha kwanza kilikuwa kimechongwa kwa mbao. Mbao! Kazi hiyo tungeletewa sisi, tuna mafundi wa milango hapa, tungekitia nakshi na misumari ya shaba, na kisingeruka.

Haya, turudi kwa shemeji. Nimempigia, nimemweleza habari ya ethi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Akanisikiliza, akasema, "Sawa shemeji, basi umeme wako unaninyima mie tu?" Nimemrudishia sifuri yake, nimeomba radhi kwenye grupu kwa herufi kubwa.

Ya jirani ndiyo sijaigusa. Asubuhi nilipotoka nimemkuta barazani kavaa kanzu ya Ijumaa na leo Jumanne. Watu wanampa mikono. Bwana mkubwa wa upande wa mke kampigia yeye mwenyewe kumshukuru. Keshaambiwa siku ya harusi atakaa safu ya mbele, na keshauliza kama kutakuwa na feni upande huo. Ile 20000 yenyewe bado hajaitoa. Nimemsalimu, akanijibu kwa kichwa tu, kama mtu asiyetaka kusumbuliwa na makarani.