Usiniambie Wati, Niambie Vumbi Linakwenda Wapi

Jumamosi nilitoka kwenye duka moja hapa Mtwara mjini hasira zimenikaba kooni. Nilikwenda kutafuta mashine ya kufyonza vumbi, moja tu, ifanye kazi nyumbani na kwenye gari. Nikamuuliza kijana wa dukani: vumbi likishavutwa, lile laini kabisa, linakwenda wapi? Akajibu, "Dada, hii ni wati 2,000." Nikarudia swali. Akanigeuzia boksi nione namba, iliyoandikwa kubwa kuliko jina la mashine. Nikamwomba achomeke tuijaribu. Akasema nikifungua boksi nimenunua.

Niliondoka. Laki mbili na ushei siitoi kwa kuoneshwa namba.

Swali langu lina historia. Mwaka jana nilinunua kimashine cha kuchomeka kwenye laita ya gari, elfu arobaini na tano. Tulikuwa tumetoka Newala kwa mama, msimu wa korosho, na anayeijua njia ile anajua gari linarudi na nini: vumbi jekundu kwenye mishono ya siti, kwenye reli zake, mpaka ndani ya mikanda. Kwenye buti nilikuwa nimebeba korosho na viroba vya unga wa muhogo. Asubuhi yake, tukiwa nyumbani Shangani, nikafungua milango yote nikaanza kazi. Mwanangu ana miaka saba, na ana pumu. Alikaa siti ya nyuma ananiangalia. Jua likapiga dirishani, ndipo nikaona: mbele mashine inavuta, nyuma inatema. Vumbi laini lilikuwa linapanda kama moshi, na lilikuwa linamfuata mtoto usoni.

Usiku ule hatukulala. Nilikaa naye kitandani, dawa yake ya kuvuta mkononi, nahesabu pumzi. Mimi mwenyewe ndiye niliyelichukua vumbi lililokuwa limetulia kwenye kapeti nikalirusha hewani, nikiamini nasafisha.

Ndiyo maana nasema filta kwanza, mengine baadaye. Mchanga wa ufukweni, maganda ya korosho, makombo ya biskuti, hivyo mashine yoyote yenye uhai itavibeba. Hatari iko kwenye vumbi usiloliona mpaka jua lilimulike. Kichujio cha wavu wa plastiki peke yake kinalipitisha. Sifongo peke yake inapitisha sehemu kubwa. Ndugu msomaji, ukiona neno HEPA kwenye boksi, kwa kiwango cha Marekani maana yake ni filta inayonasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3, ingawa wapo wanaoliandika bila kufikia kiwango hicho. Na hata filta ya kweli haina faida kama mpira wa kuziba pembeni yake umelegea, kwa sababu hewa hupita pale penye upenyo, na vumbi linapita nayo. Kwa hiyo uangalie ule mpira, uushike kwa kidole, ufunge mfuniko uone kama unakaza.

Kuna jambo limekuwa likinirudia kichwani. James Murray Spangler alikuwa msafishaji kwenye jengo la duka huko Canton, Ohio, Marekani, na alikuwa na pumu. Vumbi la kazini lilikuwa linammaliza. Mwaka 1907 akaunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akapata mashine ya umeme inayobebeka. Hati miliki akaipata mwaka 1908, baadaye haki zikaenda kwa familia ya Hoover. Foronya ile ilikuwa ya kulizuia vumbi lisimrudie kifuani. Miaka zaidi ya mia imepita, na mimi bado nauziwa kitu kinachomtemea mtoto wangu vumbi.

Kuhusu wati, naomba tuelewane. Wati ni umeme ambao mashine inakula. Hazisemi inavuta kwa nguvu kiasi gani. Mota mbovu inakula vilevile. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa wati 1,600 kuanzia Septemba 2014, ukaushusha hadi 900 Septemba 2017, na watu wa huko hawakuacha kusafisha mazulia yao. Mashine niliyokuja kuinunua hatimaye ni ya wati 1,200. Nikiitumia nusu saa kwa nguvu zote inakula uniti 0.6. Kwa bei yangu ya LUKU ya shilingi 350 na kitu kwa uniti, haifiki shilingi 220.

Vile vya kuchomeka kwenye laita, piga hesabu mwenyewe. Umeme wa gari ni volti 12, na fyuzi ya pale mara nyingi ni ya ampea 10 au 15. Zidisha: wati 120 mpaka 180, basi. Kutoa mchanga uliozama kwenye kapeti kwa nguvu hiyo ni kujichosha.

Narudi kwenye Jumamosi yangu. Baada ya duka lile nilikwenda nyumbani, nikachukua chupa ya maji ya nusu lita, nikaijaza vumbi nililolikung'uta kwenye mati za gari, nikachanganya na konzi ya mchanga wa pwani. Nikaingia nayo kwenye duka dogo karibu na soko. Mwenye duka ni mtu mzima. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu bila kuficha. Akaitazama chupa, akasema, "Lete mwanangu, tumwage hapa." Alikuwa na mashine mbili za ndoo, zile za kufyonza maji na vumbi. Akatandika kipande cha kapeti sakafuni, tukamwaga. Kila moja ilipokuwa inavuta niliziba tundu la kutolea hewa kwa leso nyeupe. Ya kwanza ilisafisha kapeti vizuri sana, lakini leso ikatoka na duara la rangi ya udongo. Ya pili ilichukua muda zaidi, na leso ikabaki nyeupe. Nililipa palepale, bila kuomba apunguze.

Dakika kumi tu zilitosha. Duka linalouza redio linawasha redio. Anayeuza pasi anaichomeka ukaiona taa ikiwaka. Kwa nini chombo kinachogusa vifua vya watoto wetu kiuzwe kimefungwa gundi? Wenye maduka, fungueni boksi moja liwe la mfano. Nawaomba kwa dhati.

Yaliyobaki ni mafupi. Chukua yenye waya mrefu na mpira mrefu wa kuvutia vumbi, gari lifikiwe kutoka barazani, na iwe na mdomo mwembamba wa kuingia kwenye reli za siti. Ndoo ya plastiki inafaa kuliko ya bati kwa sisi tunaokaa na upepo wa chumvi. Zinazotegemea mifuko ya karatasi ziepuke, labda uwe na mtu wa kukuletea mifuko kutoka Dar. Ukifyonza maji, toa kwanza filta ya karatasi, weka ya sifongo. Majivu ya jiko yenye moto usiyaguse kabisa. Kelele zipo.

Zile za betri za mkononi sizipendi, ila nakubali kwamba umeme ukikatika ndizo zinazofanya kazi, na kwenye kochi zinatosha. Ukiwa nayo, usiiache ndani ya gari juani. Joto linaiua betri.

Yule kijana wa duka la kwanza nimemfikiria sana tangu siku ile. Hakuna aliyemweleza wati ni nini, alipewa maboksi akaambiwa auze. Chupa yangu bado ina vumbi robo. Jumamosi hii nitampelekea, pamoja na leso zote mbili, nimwombe tena achomeke.