Nani Anaandika Majina ya Wanaozoa Mafuta?

Tangu mlipuko wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori likipinduka kila mtu anajua cha kupiga kelele: kaeni mbali, asichote mtu hata kikombe. Somo lile tulililipia kwa roho za watu zaidi ya 100 na halina mjadala. Lakini umati ukishafukuzwa, na zimamoto wakishamaliza kumwaga povu, kuna watu wengine huitwa wasogee. Ni vijana wa kutwa, chepe mkononi. Wanamwaga mchanga na maranda juu ya dizeli, wanazoa, wanapakia, na jioni wanachukua hela yao na kuondoka. Hao hatuwazungumzii, ingawa barabara ya Moshi hadi Arusha haikosi malori yanayopandisha mafuta kutoka bandari ya Tanga.

Wanaotaka kazi ya namna hii ianze papo hapo, bila vikao, wana hoja nzito. Anayeujua mteremko wa daraja la Kikafu, kwenye barabara hiyo, anaelewa. Mafuta yakimwagika pale hayana safari ndefu kufika mtoni, Kikafu unaingia Kikuletwa, na Kikuletwa unaishia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kati ya hapo kuna mashamba, mifugo na watu wanaochota kwa ndoo. Juu huko kuna mifongo, mifereji ya asili ya maji, inayopita kihambani, shamba la nyumbani mwa mtu, hadi mlangoni. Saa mbili za kungoja mafunzo ni saa mbili za mafuta kutembea.

Hata suala la vifaa si rahisi kama linavyosemwa vijiweni. Mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka katika Ghuba ya Mexico mwaka 2010, wasimamizi walitukanwa kwa kutowavalisha wasafishaji wote wa ufukweni barakoa za kuchuja kemikali. Lakini vipimo vya hewa katika fukwe nyingi vilikuwa chini ya viwango vilivyowekwa, na jua la kule lilikuwa likiwaangusha watu. Mfunge kijana suti ya plastiki na barakoa nzito saa saba mchana, uone kama hutambeba. Lawama ile haikuwa ya haki yote. Tena dizeli ya nusu siku pale Kikafu si sawa na mafuta ghafi ya miezi mitatu.

Yote hayo nayakubali. Ninapoachana nao ni pale wanaporuka kutoka “hatuna muda wa vifaa vyote” hadi “hatuna muda wa chochote”. Mtu akiuliza nani kaandika majina, anaonekana mpenda makaratasi, wa kuchelewesha riziki za wenzake. Anayeuliza hivyo ndiye ninayemwona ameelewa kazi hii.

Tazama Alaska. Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasuka na kumwaga galoni zipatazo milioni 11, na watu kama 11,000 wakashiriki kusafisha. Kumbukumbu za kampuni, zilizokuja kuibuliwa katika kesi, zilionyesha matukio 6,722 ya maambukizi ya njia ya hewa miongoni mwa wafanyakazi. Elfu sita na mia saba ishirini na mbili! Yakahesabiwa kuwa mafua ya kuambukizana, na mafua ya namna hiyo hayakulazimika kuripotiwa kama ugonjwa wa kazini. Inawezekana kweli yalikuwa mafua: watu walilala wamebanana kwenye majahazi na meli, mmoja akikohoa wote wanakohoa. Inawezekana pia ulikuwa mvuke wa mafuta na ukungu wa maji ya moto waliyorusha kwa mipira kuosha miamba. Namba hiyo nimeizungusha kichwani kila upande na haitoi jibu, kwa sababu watu wale hawakufuatiliwa wote kwa miaka baada ya kazi. Walitawanyika na vifua vyao. Kampuni haiwezi kuthibitisha kuwa ilikuwa safi, na mfanyakazi hawezi kuthibitisha kuwa aliumizwa.

Ghuba ya Mexico ilifanya tofauti kidogo, si kwa wema, bali kwa sababu watu walipitishwa kwenye mafunzo na majina yakabaki. Kwa orodha hizo watafiti wa serikali ya Marekani waliandikisha watu karibu 33,000, wakiwemo maelfu waliofunzwa lakini hawakuwahi kugusa kazi. Hao wa mwisho ndio hazina, maana bila wao ungemlinganisha nani na nani? Matokeo mojawapo: waliosafisha walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 60 wa kupata pumu au dalili zake kuliko ambao hawakusafisha. Na baadhi yao walifanya kazi kwenye fukwe ambazo vipimo vilisema hewa inafaa.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Lakini fidia huanza na swali moja: ulimfanyia nani kazi, lini? Kibarua aliyelipwa mkononi kando ya barabara atajibu nini? Benzeni iliyomo kwenye petroli husababisha saratani ya damu, na saratani hiyo haiji kesho asubuhi. Daktari wa hospitali ya KCMC, Moshi, atamtibu, ila hana pa kuanzia akitaka kuandika chanzo. Na kijana huyohuyo kesho yuko gereji anaosha spea kwa petroli, keshokutwa ananyonya mpira kwa mdomo kuhamisha dizeli. Bila rekodi, kila mwajiri atamnyooshea kidole mwenzake.

Wakandarasi wana hofu ambayo hawaisemi hadharani: orodha ni ushahidi. Ni kweli. Ila ushahidi hukata pande zote, na aliyegawa glavu na mabuti angependa ionekane kwamba aligawa. Vijana nao wengine hawapendi kuandikwa, wakidhani ni kodi au polisi. Hilo linahitaji dakika tano za maelezo na mwenyekiti wa kitongoji awepo.

Kinachotakiwa ni daftari la shule: jina, simu, saa ya kuanza na kumaliza, mafuta ya aina gani, alipewa kifaa gani, nani kamlipa. Linajazwa huku mchanga unamwagwa, halichelewishi ndoo hata moja. Nakala moja abaki nayo mkandarasi, nyingine apewe mtendaji wa kata siku hiyohiyo, kabla malipo hayajatolewa.